Grafu ya watu wa Tanzania: jinsi ya kuifundisha ili madogo waielewe, sio waichore tu

Walimu wenzangu wa jografia (na wa hesabu pia msijifiche), mada ya ongezeko la watu huwa inaharibiwa na kitu kidogo sana, yani umbali kati ya mwaka na mwaka kwenye mstari wa chini wa grafu. Mi mwenyewe niliiharibu miaka miwili mfululizo na nikawa naondoka darasani nimeridhika kabisa. Sasa hivi naifundisha hivi ninavyoeleza hapa, inakula kipindi dabo kimoja na vipindi viwili vya kawaida, vifaa ni fito sita, kamba ndefu, karatasi za grafu na kalkuleta hata ya simu.

Namba zenyewe kwanza, ni za sensa zote sita tangu uhuru, nimeziweka kwa milioni ili zisiwatishe:

1967: 12.3
1978: 17.5
1988: 23.1
2002: 34.4
2012: 44.9
2022: 61.7

Usiwape grafu iliyokwisha kuchorwa. Najua kwenye vile vishikwambi tulivyogawiwa baada ya sensa ya 2022 unaweza kuitengeneza kwa dakika moja na ikatoka na rangi zake, ila mtoto akiletewa grafu imeshaiva anaiangalia kama picha ya kalenda, anasema "imepanda" basi, habari imeisha. Wachore kwa mkono, na kabla hawajachora watoe nje.

Fito uwanjani

Kata fito sita (mabua ya mahindi yanafaa pia kama ni msimu wake) kwa kipimo cha sentimita 2 kwa kila watu milioni 1. Ukipiga hesabu unapata fito ya 1967 ni sentimita 25 hivi, ya 1978 ni 35, ya 1988 ni 46, ya 2002 ni 69, ya 2012 ni 90 na ya 2022 inafika 123. Acha wakate wao wenyewe kwa rula, usihofu wakikosea nusu sentimita.

Alafu uwanjani unampa mwanafunzi mmoja fito ya 1967, asimame aishike imegusa chini. Unamuuliza wa pili, wewe wa 1978 usimame wapi? Hapa ndo penyewe. Nusu ya darasa watamwambia asogee hatua moja, au wapeane nafasi sawa kama wako paredi, ukiwaacha hivo hivo fito zinapangika vizuri kama meno ya kitana. Waache kwanza. Wakishapangika wote sita, pitisha kamba juu ya vichwa vya fito kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, waambie waiangalie kwa ubavuni. Wataona kamba inapanda taratibu, ikifika kati ya 1988 na 2002 inaruka ghafla, kisha hapo mpaka 2012 inapanda pungufu kidogo, alafu inaruka tena.

Sasa waambie hatua moja ni mwaka mmoja, wajipange upya. Watahesabu hatua 11 kutoka 1967 hadi 1978, hatua 10 hadi 1988, kisha yule wa 2002 atatembea, ataendelea kutembea mpaka wenzake waanze kucheka, hatua 14, alafu 10 na 10. Jumla hatua 55, hakikisha uwanja unatosha. Pitisha kamba tena. Ule mruko wa miaka ya 90 umepotea! Kamba sasa inapinda kwa ulaini na kila kipande kinasimama zaidi ya kilichotangulia.

Mwaka wangu wa kwanza kazini sikufanya haya ya uwanjani, niliandika namba ubaoni mpaka ya 2012 maana ya 2022 ilikuwa bado, wakachora, miaka wameipanga kwa nafasi sawa na mi nikaona safi tu. Kuna dada mmoja mzuri sana kwenye kuandika akaeleza chini ya grafu yake kwamba miaka ya 90 Watanzania walizaana mno kisha kufikia 2012 wakaanza kupunguza. Nikampa vema, tena na maksi zote. Mwaka uliofuata kijana mmoja wa nyuma, hata sio wa kwanza darasani, akaniuliza kwa nini hapa kuna miaka 14 na kwingine 10 lakini nafasi ni ile ile, nikabaki na chaki mkononi. Ukweli ni kwamba sensa ilichelewa, baada ya 1988 ikaja kufanyika 2002, hakuna mruko wowote wa uzazi, mruko ni wetu sisi wa rula. Kwahiyo yule dada aliandika kitu ambacho grafu yake ilikuwa inakisema kweli, grafu ndo ilikuwa inadanganya, na aliyemfundisha kuichora ni mimi.

Walimu wa Kenya nyie sensa zenu zimekuja kila baada ya miaka 10, 1969, 1979, 1989, 1999, 2009, 2019, kwahiyo hata mtoto akipanga bila kufikiri anapatia. Sasa hapo huwezi kujua nani kaelewa na nani kabahatisha, waleteeni na za kwetu ndo mtajua.

Kwenye karatasi

Ile karatasi ya grafu ya kawaida yenye vimraba vya milimita 2 ni kama imetengenezwa kwa kazi hii. Mstari wa kulala anzia 1965 mpaka 2025, sentimita 1 iwe miaka 5, maana yake kila kimraba kidogo ni mwaka mmoja. Mstari wa kusimama anzia sifuri mpaka 65, sentimita 1 iwe watu milioni 5, kila kimraba kidogo ni milioni moja. Grafu nzima inakaa kwenye sentimita 12 kwa 13 na hakuna mtoto atakayekwambia kapotea kwenye desimali, anahesabu vimraba tu, zile pointi za mwisho (ile .3 au .7) anakadiria kwa jicho.

Kwa nini sifuri? Maana wengine huanzia 10 ili grafu ijae. Ukiacha sifuri, 2022 inaonekana mara ishirini ya 1967 wakati ni mara tano tu. Ukitaka wajionee, waambie kikundi kimoja kianzie 10 kingine sifuri, wabadilishane karatasi, wataanza kubishana wenyewe na wewe kaa pembeni unywe maji.

Kama shule haina karatasi za grafu, daftari la hesabu lenye miraba linatosha ila utabadilisha skeli, na kama hamna hata hilo basi manila moja kwa kikundi, wapige mistari kwa rula. Penseli tafadhali. Anayechora kwa peni atakuja kukulilia.

Nukta zikishawekwa waunganishe kwa rula, vipande vitano. Kuna wanaosema lazima iwe mkunjo laini wa mkono, mi siyo muumini wa hilo kwa darasa hili, kwa sababu nataka kila kipande kisimame peke yake tukihoji.

Sasa swali la kwanza ninalouliza huwa si kuhusu taifa. Nawaambia kila mtu atafute mwaka wake wa kuzaliwa kwenye mstari wa chini, apande juu kwa rula mpaka akutane na mstari wa grafu, kisha aende kushoto asome. Alafu mwaka wa mama yake, alafu wa bibi kama anaujua na kama ni baada ya 1967. Mtoto ambaye mama yake kazaliwa 1981 anasoma milioni 19 hivi. Anakwambia "mwalimu, yani mama kazaliwa nchi nzima watu milioni kumi na tisa?" Hapo ndo grafu inaacha kuwa ya mwalimu. Asiyejua mwaka wa mama yake mpe mwaka wowote achague, usimuulize sababu, darasani kuna yatima na kuna waliolelewa na watu wengine.

Mwinuko, sehemu yenye nyama

Hapa usikimbie. Kila kipande cha grafu wagawe ongezeko kwa miaka yake. 1967 hadi 1978 zimeongezeka milioni 5.2 kwa miaka 11, inatoka kama 0.47 kwa mwaka, yani watu laki nne na elfu sabini. Kinachofuata 0.56. Kile cha miaka 14 ni 0.81, kisha 1.05, na cha mwisho 1.68. Waandike namba hizo juu ya kila kipande. Kwahiyo kati ya 2012 na 2022 nchi ilikuwa inaongeza watu milioni moja na laki saba karibu kila mwaka, wakati babu zao waliona chini ya laki tano.

Wakishaona hizo, wengi watasema kasi imekuwa mara tatu na nusu. Ni kweli kwa idadi. Sasa waulize kwa asilimia. Hapa kuna mtego, kwa sababu asilimia kwa mwaka zinakuja hivi: 3.2, kisha 2.8, kisha 2.9, kisha 2.7, kisha 3.2 tena. Yani asilimia ya miaka ya 70 na ya juzi ni ile ile! Darasa linakuwa kimya. Imekuwaje asilimia ni ile ile lakini watu wanaoongezeka ni mara tatu na zaidi?

Usiwajibu kwa maneno, toa maharage. Weka 100 upande mmoja na 500 upande mwingine, mwambie mmoja aongeze 3 kwa kila 100. Kule zinaongezwa 3, huku 15. Dakika moja imetosha, maharage warudishe jikoni yalikotoka.

Baada ya hapo waonyeshe kanuni ya 70, ile ya kugawa 70 kwa asilimia ili upate miaka ya kuongezeka maradufu. 70 gawanya kwa 3.2 ni kama 22. Lakini wasiiamini tu, waipime kwenye grafu yao. Wachukue 12.3 ya mwaka 1967, mara mbili ni 24.6, watafute iko mwaka gani, watapata karibu 1990. Mara mbili tena ni 49.2, watapata mwaka 2014 au 2015. Kwahiyo miaka 23 hivi, kisha 25 hivi. Waulize kwa nini si 22 kamili, mjanja mmoja atakumbuka kwamba katikati asilimia ilishuka chini ya 3. Akisema hivo mpigieni makofi.

Mstari wa nukta nukta

Sasa mpaka 2032. Wachore njia mbili kwa penseli, nukta nukta, na waandike pembeni "makadirio" maana mtoto akiacha bila kuandika kesho ataisoma kama sensa. (Karatasi iongezwe kwa juu, 65 haitatosha, na kulia wasogeze mpaka 2035. Ukikumbuka mapema waambie waache nafasi, mi huwa nasahau kila mwaka.)

Njia ya kwanza ni kunyoosha rula kwenye kipande cha mwisho, yani waongeze milioni 16.8 zile zile, wanapata 78.5. Njia ya pili ni kwa asilimia, 61.7 zidisha kwa 1.032, jibu lizidishe tena kwa 1.032, mara kumi. Wapokezane kalkuleta, kila mmoja abonyeze mara moja asome kwa sauti. Wanafika 84.5 hivi. Tofauti ya njia hizi mbili ni milioni 6, na Dar es Salaam yote kwenye sensa ya 2022 ilikuwa na watu milioni 5.4. Yani umebadilisha namna ya kunyoosha rula tu, mkoa mzima wa Dar na chenji umetokea hewani. Hapo tunazungumza sasa, madarasa mangapi, walimu wangapi, ukikosea makadirio kwa watu wengi hivo unafanyaje.

Kwa nini inapanda: hapa usihubiri

Nimeona walimu wakifika hapa wanaanza kusema wazazi wazae kidogo. Acha. Darasani kuna mtoto anatoka familia ya watoto tisa, unamfanya aone haya mbele ya wenzake, na zaidi ya hapo unakuwa umemwambia kitu nusu. Kwa sababu uzazi umeshuka. Mapema miaka ya 90 mwanamke wa Tanzania alikuwa anapata wastani wa watoto zaidi ya 6, utafiti wa afya wa 2022 ukaonyesha 4.8. Sasa waulize, watoto kwa kila mama wamepungua, mbona kamba yetu ya uwanjani inazidi kusimama?

Majibu yako mawili na wanaweza kuyafikia wenyewe ukiwavumilia. La kwanza ni vifo. Kwenye utafiti wa 2004/05 kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 112 walikuwa hawafiki miaka mitano, ile ya 2022 ni 43. Chanjo, vyandarua, maji, kliniki. Kwahiyo sehemu ya mstari unaopanda ni watoto ambao zamani tungewazika, na mtoto akishalielewa hilo hawezi tena kuiangalia grafu kama mzigo mtupu. La pili ni akina mama wenyewe kuwa wengi, maana waliozaliwa miaka ya 90 na 2000 ndo wazazi wa leo, hata kila mmoja akizaa wachache kuliko mama yake jumla bado inapanda. Zaidi ya watu 4 katika kila 10 nchini wana umri chini ya miaka 15, na hao bado hawajaanza.

Kama kuna muda wape na za Kenya walinganishe: 10.9, 15.3, 21.4, 28.7, 38.6, 47.6. Kati ya 1999 na 2009 ziliongezeka milioni 9.9, kisha mpaka 2019 zikaongezeka 9.0. Kipande cha mwisho kimelala kidogo kuliko kilichotangulia. Jirani, shamba kwa shamba, na mistari inapinda tofauti.

Dar na Pwani kwenye karatasi moja

Hii ni zawadi ya kipindi cha mwisho, wanaipenda sana hasa waliopo Dar. Dar es Salaam ilikuwa na watu milioni 2.5 mwaka 2002, 4.4 mwaka 2012, 5.4 mwaka 2022. Ukitazama asilimia, ilikuwa inakua kwa zaidi ya 5 kwa mwaka kisha ikashuka mpaka 2.1. Wengi wataandika "watu wameacha kuhamia Dar". Kabla hujaweka vema (mi nimeshapata somo langu), waambie wachore na Pwani, ambayo 2012 ilikuwa milioni 1.1 na 2022 ikafika milioni 2.0. Karibu mara mbili ndani ya miaka 10. Kisha fungueni ramani, waulize nani ana shangazi kajenga Kibaha, nani ana mjomba Mkuranga au Bagamoyo, mikono itanyanyuka. Kiwanja kimekuwa ghali mjini, watu wamevuka mpaka wa mkoa, asubuhi wako kwenye foleni wanarudi Dar kazini. Grafu moja peke yake isingewaonyesha hilo.

Dunia, kwa kifupi

Hii naifanya kwa kamba ile ile. Bilioni ya kwanza ya watu ilifika karibu 1804, ya pili 1927, ya tatu 1960, ya nne 1974, ya tano 1987, ya sita 1999, ya saba 2011 na ya nane Novemba 2022. Sentimita 2 kwa mwaka, funga fundo kila bilioni. Mafundo yanatoka yamepishana miaka 123, 33, 14, 13, 12, 12, 11. Wataona fundo la kwanza liko mbali huko mlangoni na mengine yamesongamana. Ila wasiondoke wakidhani mafundo yatazidi kusogeleana milele: yale ya mwisho yamepishana karibu sawa, na ukiongeza bilioni ile ile juu ya watu wengi zaidi asilimia inakuwa ndogo. Dunia ilivuka asilimia 2 kwa mwaka miaka ya 60, leo iko chini ya 1. Maharage yale yale, tofauti ni kwamba safari hii asilimia yenyewe ndo inapungua.

Kwenye kusahihisha mi nagawa maksi 20 hivi: nafasi za miaka 6, sifuri na skeli 4, nukta 3, mwinuko wa kila kipande 4, maelezo 3. Maelezo nayapa chache makusudi, kwa sababu mwenye Kiswahili kizuri au Kiingereza kizuri alikuwa anabebwa na maneno wakati grafu yake imepinda. Na asiyeandika "milioni" kwenye mstari wa kusimama namkata mbili hata kama karatasi imependeza, maana Tanzania yenye watu 61.7 mi sijawahi kuiona.